Nisubiri kadi ya grafiki ya dola 249, au nichukue ya shemeji?

Shikamoo fundi,

Nina miaka 29, niko Tanga, na riziki yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi na sendofu. Usiku nikipata upenyo nacheza gemu la mpira na jirani. Kompyuta yangu ni mtumba wa ofisi, ile nyembamba, niliichukua Kariakoo mwaka 2022: prosesa i5-7500, RAM GB 8, diski ya kuzunguka ya TB 1. Kadi ya grafiki, ile ya kuchakata picha, haina, inategemea ile iliyomo ndani ya prosesa.

Siku naileta nyumbani nilimwambia mke wangu kilichobaki ni kadi tu. Hiyo “tu” ndiyo imenileta kwako. Mwaka 2023 nikasubiri kadi ya Nvidia, RTX 4060, ilipotoka bei ya dukani ikanishinda. Desemba 2024 Intel wakatoa kadi yao, Arc B580, kila mtu anaisifia, nikawa tayari kuagiza, mara nikasikia haielewani na prosesa za zamani. Nikarudi nyuma. Mei 2025 ikatoka RTX 5060 kwa dola 299, nikasema ngoja, mdogo wake hayuko mbali. Na kweli, tarehe 24 Juni Nvidia wametangaza RTX 5050: dola 249, memori GB 8, inaingia sokoni Julai. Nimeziangalia grafu zao, mistari imeiacha RTX 3050 mbali sana. Moyo ukaniambia hii ndiyo yangu.

Sasa kaka yake mke wangu, yuko Dar, ana kadi ya AMD, RX 580 ya GB 8, aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anachimba sarafu za mtandaoni. Ananiachia kwa laki mbili na nusu, ila anataka jibu kabla ya Ijumaa. Unajua shemeji akishasema “nakuachia”, kukataa nako kuna gharama yake. Mke wangu hayuko upande wowote. Yeye kadi yangu ameshaipa jina, anaiita “ya mwakani”. Wiki iliyopita bibi harusi mmoja alipiga simu mara tatu kuulizia video yake ya Mei. Simu ya tatu aliipokea mke wangu, akamwambia, “Vumilia dada, mwenzio anasubiri kadi.” Nilikuwa nimekaa pale pale.

Akiba yangu ni laki tisa na nusu. Kinachonitesa ni video za 4K: nikiweka kamera mbili kwenye taimulaini ya programu ya kuhariri, picha inakwama, sauti inatangulia, na kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, harusi moja ni usiku mzima. Niambie ukweli, hiyo 5050 itakuwa na nguvu kiasi gani, na itaifaa pesa yake? Nimekuambatanishia picha ya ndani ya kompyuta, nimefungua ubavu.

Ni mimi,
Msubiri Kadi, Tanga

JIBU

Marahaba mdogo wangu.

Nimeanza na picha kabla ya barua, ndiyo tabia yangu. Pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme, imekaa pembeni, na ile stika yake nyeupe, ingawa vumbi limeila nusu, namba inasomeka: 180W. Hakuna waya wa ziada hata mmoja unaoning'inia. Nafasi za kadi kwa nyuma ni fupi, zile za kadi za nusu kimo. Halafu RAM: kijiti kimoja kimesimama peke yake, na kitundu cha jirani yake kiko wazi. Hayo yote nitayarudia. Nikujibu kwanza ulichouliza.

Nguvu ya kadi ambayo haijauzwa unaweza kuikisia vizuri tu, bila kungoja mtu akuambie. Chukua karatasi ya vipimo ya RTX 3050 iliyotoka Januari 2022 uiweke kando ya hii ya RTX 5050. Kore, yaani vitengo vinavyopiga hesabu: 2,560 na 2,560. Memori: GB 8 na GB 8. Njia ya memori: biti 128 zote mbili. Umeme: wati 130 zote mbili. Bei ya kutangazwa: dola 249 zote mbili. Niliposoma mara ya kwanza nilidhani nimefungua ukurasa uleule mara mbili.

Tofauti iko kwenye mwendo. Kore za 3050 zikipandisha kasi zinafika MHz 1,777, za 5050 zinafika MHz 2,572. Memori ya 3050 inasafirisha GB 224 kwa sekunde, ya 5050 GB 320. Gawanya uone: zote mbili zinakupa ongezeko la asilimia 43 hadi 45. Ongeza kidogo kwa sababu kore za kizazi kipya zinafanya kazi kwa akili zaidi, na hapo ndipo ninapoiweka mimi: nusu zaidi ya 3050, au nusu na kaupande. Nakisia itakaa kando ya RTX 4060 unayoikumbuka kwa uchungu, pengine hatua moja nyuma yake. Mara mbili ya 3050 haifiki, na zile grafu zilizokupandisha mapigo ya moyo sahau.

Nikueleze grafu kwa lugha ya kazi yako. Umewahi kuchukua video ya fremu 25 ukaipunguza mwendo sana, bibi harusi anatupa shada, programu ikajibunia fremu za katikati? Kwa mbali inapendeza. Ukiisogelea, mkono wa bibi harusi una vidole tisa na shada limeyeyuka kama siagi. Kadi za mfululizo wa 50 zinafanya kitu cha ukoo huo kwenye gemu: zinachora fremu moja kwa kweli, kisha zinabuni nyingine kadhaa na kuzipachika katikati. Wenyewe ni mafundi, kazi yao ni safi kuliko ya programu yako, na kwenye kioo chenye kasi inaweza kupendeza. Ila 3050 haina uwezo huo wa Nvidia. Kwa hiyo grafu inayohesabu fremu za kubuni upande mmoja na za kuchora upande mwingine inalinganisha pilau na mchele mkavu. Tena fremu ya kubuni haiharakishi kidole chako: ukibonyeza kupiga shuti, mchezaji anasubiri fremu ya kweli ndiyo atii. Na kwenye kurenda harusi haikusaidii chochote.

Thamani je? Hapo mpinzani wa kwanza ni kaka yake wa tumbo moja. RTX 5060 ina kore 3,840 na memori ya GDDR7 inayosafirisha GB 448 kwa sekunde. Hii 5050 ya kompyuta za mezani wameiwekea GDDR6, ya kizazi cha nyuma. Maana yake kwa kuongeza dola 50, yaani asilimia 20 ya bei, unapewa kore asilimia 50 zaidi na memori asilimia 40 zaidi. Kwenye maduka ya kadi, ya chini kabisa ndiyo mara nyingi inayouzwa ghali ukipima kwa kazi inayofanya, kama sukari ya kupimiwa kwa kijiko. Mpinzani wa pili ni ile B580 uliyoikimbia: dola 249 hizo hizo, memori GB 12. Na ulifanya vizuri kuikimbia. Inataka madabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) yenye uwezo unaoitwa Resizable BAR, wa prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa pamoja, na Intel wanaanza kuhesabu prosesa zao kuanzia kizazi cha 10, wewe uko cha 7. Juu ya hapo mwanzoni mwa 2025 wapimaji walionyesha kwamba ukiifunga kwenye prosesa za umri wa Ryzen 5 2600 ya AMD, draiva yake, yaani programu inayoiendesha kadi, inaibebesha prosesa mzigo hadi kadi inakaa bila kazi.

Kuna kitu kimoja ambacho 5050 inakistahili, na wanaoandika kuhusu gemu wanakipita haraka. Kadi za kizazi hiki zinasoma na kuandika video ya 4:2:2 ya biti 10, ile inayohifadhi rangi nyingi zaidi, kwa chombo maalumu kilichomo ndani, bila kuisumbua prosesa. RTX 3050 haiwezi, 4060 haiwezi, na grafiki ya ndani ya i5 yako ndiyo kabisa. Kama kamera zako zinarekodi hivyo, kila sekunde unayoisogeza kwenye taimulaini inafunguliwa na prosesa kwa mkono, na prosesa yenye kore nne haina mikono hiyo. Kwa hiyo leo kabla hujalala, washa kamera, ingia kwenye menyu ya ubora wa video, uangalie imeandikwa 4:2:2 au 4:2:0. Ikiwa ni 4:2:2 na hukuichagua kwa sababu unayoijua, shusha kwenye 4:2:0. Wageni wa ukumbini hawatajua, na bibi harusi pia hatajua.

Bei. Dola 249 ni ya Marekani, na wao hutaja bei kabla ya kodi ya mauzo. Kwetu weka VAT ya asilimia 18 tu, hujagusa usafiri wala faida ya mwenye duka: tayari ni karibu dola 294. Kwa dola ya shilingi 2,600 unazungumzia laki saba na sitini na kitu. Nikiambiwa imefika Kariakoo kwa laki tisa sitamshangaa muuzaji, naye ana kodi ya pango. Na wiki za kwanza huwa ni za wenye haraka. Ile 3050 ya 2022 ilitangazwa kwa dola 249 pia, ikatoka wakati wachimbaji wa sarafu wanafagia kila kadi dukani, bei hiyo ikabaki kwenye karatasi kwa muda mrefu.

Jingine, angalia namna kadi inavyotolewa. RTX 5060 ilipotoka tarehe 19 Mei, wapimaji wengi hawakupewa draiva kabla ya siku ya mauzo, na mwaka 2019 GTX 1650 ilifanyiwa vivyo hivyo. Mtu anayejivunia samaki wake hakufungii mdomo wa kikapu. Hata ukiwa na pesa mkononi, ipe kadi mpya siku kumi na nne, watu waifunge kwenye mashine mbovu kama zetu na siyo zile zenye prosesa ya bei ya pikipiki. Mwaka 2022 AMD walitoa RX 6500 XT kwa dola 199. Karatasi ya vipimo ilisema wazi mapema: memori GB 4, njia nne tu za kuunganisha na madabodi, na haina chombo cha kuandika video. Kwenye madabodi zenye njia ya kadi ya toleo la zamani, PCIe 3.0, kama yako, ikapoteza kasi vibaya. Yote yalikuwa yameandikwa. Watu walisoma bei tu.

Sasa turudi kwenye picha yako.

RTX 5050 inataka wati 130 peke yake, na waya wake wa umeme wa pini 8. Nvidia wanashauri pawa saplai ya wati 550. Wewe una 180 kwa nyumba nzima na huna waya. Ukisema utabadilisha pawa saplai, mashine hizi nyembamba za ofisi mara nyingi huwa na umbo lake na plagi zake kwenye madabodi, ya kawaida ya dukani haingii hata ukiisukuma kwa goti. Na hata ikiingia, kadi nyingi zitagonga mfuniko kwa urefu. Mdogo wangu, miaka yote mitatu hiyo, kuanzia 4060 hadi 5060, hakuna hata moja uliyoisubiri ambayo ingewaka ndani ya kompyuta yako. Nilicheka kidogo, nisamehe, kisha nikakumbuka ya kwangu.

Mimi niliwahi kununua pawa saplai kwenye duka moja kwa sababu ubavuni iliandikwa 600W na bei yake ilikuwa ya chapati na chai. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba nilipoitikisa nilidhani wamesahau kuweka vitu ndani. Nilifunga kadi, nikawasha gemu, dakika ya sita chumba kikanuka kama plastiki iliyosahauliwa jikoni na kioo kikazima. Kadi ilipona. Madabodi nililizika. Tangu siku hiyo naanza kupima uzito mkononi ndipo nasoma stika.

RX 580 ya shemeji nayo imekufa kwa sababu ile ile: ni kadi ya 2017, inakula wati 185, yaani inazidi pawa saplai yako yote kabla prosesa haijapata kitu. Kadi za wachimbaji zilimwagika sokoni baada ya sarafu ya Ethereum kuachana na uchimbaji wa kadi Septemba 2022, na nyingine ni nzima kabisa, siwatukani. Ila tangu mwishoni mwa 2023 AMD wamezipunguzia kadi za ukoo huo huduma ya draiva, na zipo RX 580 zenye kore 2,048 badala ya 2,304 zinazouzwa kwa jina lile lile. Bahati yako ni kwamba una jibu lisilomvunjia mtu heshima. Mpigie mwenyewe, usimtume dada yake: “Shemeji, nimeambiwa pawa saplai yangu haiibebi, nikiichukua nitaiua kadi yako.” Ni kweli tupu na hakuna anayeweza kukukasirikia. Ongeza kwamba ukimpata mteja mwenye mashine kubwa utamuunganisha.

Na hizo laki tisa na nusu? Kwanza kijiti cha RAM cha GB 8, cha aina na kasi ile ile ya kilichomo. Soma stika yake, kipige picha, nenda nayo dukani. Grafiki yako ya ndani haina memori yake, inaazima kwenye RAM. Kijiti kikiwa kimoja inaazima kupitia mlango mmoja, vikiwa viwili milango ni miwili, kwa hiyo unapata nafasi mara mbili na njia pana zaidi. Pili SSD, ile diski isiyozunguka, ya GB 500 au zaidi, Windows na kazi inayoendelea zikae humo, diski ya zamani ibaki ghala. Naona kabisa kinachotokea kwako: RAM inajaa, mashine inamwagia mzigo kwenye diski ya kuzunguka, na diski hiyo hiyo inasoma kamera mbili kwa wakati mmoja, kichwa chake kinaruka huku na huku kama kondakta wa daladala. Sauti inatangulia kwa sababu sauti ni nyepesi. Tatu, tengeneza proksi. Ni nakala ndogo za video zako, unakatia kwenye hizo, ukirenda programu inarudi kwenye 4K yenyewe. Hii ni bure na ipo kwenye programu yoyote ya maana. Iache itengeneze proksi wakati unakula chakula cha jioni.

Ukishafanya hayo matatu na bado unataka kadi, inayoingia kwenye mashine hiyo ni RTX 3050 ya GB 6, ile ya Februari 2024, umbo la nusu kimo. Inakula wati 70, inazipata zote kwenye nafasi ya madabodi inayotoa hadi 75, haihitaji waya. Prosesa yako ni wati 65, jumla 135, zinabaki 45 za madabodi, diski na feni. Inabana lakini inakaa, ilimradi usirundike diski mbili za kuzunguka. Muuzaji akuonyeshe boksi: GB 6, siyo GB 8, kwa sababu ya GB 8 ni kadi nyingine kabisa yenye jina lile lile na inataka waya. Gemu la mpira litacheza vizuri. Video ya 4:2:2 haitaisaidia, ndiyo maana nimekutuma kwenye menyu ya kamera.

5050 au dada zake usiwafute, wasogeze tu. Wanataka kasha la mnara, pawa saplai nzito na prosesa ya leo, hiyo ni kompyuta ya pili na bajeti ya pili. Itakapofika zamu hiyo, nionavyo mimi, ruka 5050 uende 5060, au RX 9060 XT ya GB 16 iliyotoka Juni 2025 kwa dola 349 kama bei yake huku itakuwa imetulia.

Video ya Mei imalize kwa proksi wiki hii, na simu ya nne ya bibi harusi uipokee wewe. RAM na SSD zikishaingia, weka kamera mbili zicheze, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikifunguka nenda kwenye ukurasa wa utendaji (Performance), upige picha ya hivyo vigrafu ikiwa video inatembea. Nitumie tuone kama hata hiyo kadi ndogo unaihitaji.